Yohani Maria Vianney, Paroko wa Ars

Karibu na mji mkubwa wa Lyon, katika nchi ya Ufaransa, kuna kijiji kiitwacho Dardilly. Huko alizaliwa Yohani Maria Vianney, siku ya 8 Mei 1786. Kwa Kifaransa jina lake ni Jean-Marie. Baba yake Matthieu na mama yake Marie walikuwa wakulima. Walikuwa na mashamba, ng'ombe, kondoo na watoto sita. Yohani Maria alikuwa wa nne. Hawakuwa matajiri, lakini mlango wao haukufungwa mbele ya maskini. Msafiri asiye na pa kulala alipobisha hodi jioni, alipewa chakula na mahali karibu na moto.

Mama Marie alikuwa mwalimu wa kwanza wa mtoto huyu. Hakumfundisha kusoma wala kuandika. Alimfundisha kufanya ishara ya msalaba, kusali Salamu Maria, na kukumbuka kwamba Mungu yupo na anaona. Mtoto alipokua kidogo akapewa kazi ya kuchunga wanyama. Alikwenda nao bondeni, na mfukoni alichukua sanamu ndogo ya mti ya Bikira Maria. Huko aliiweka katika shimo la mti, akaizungushia majani na maua, akapiga magoti. Wachungaji wenzake walicheza naye, kisha walisali naye.

Mwaka 1789 yakatokea mapinduzi makubwa katika Ufaransa. Mfalme aliuawa, na serikali mpya ikataka mapadri wote waape kiapo ambacho Papa alikikataa. Padri aliyekataa kuapa alitafutwa kama mwizi. Wengi walikimbia nchi, wengine walikatwa vichwa. Waliobaki walijificha. Walivaa nguo za mafundi na za wafanya biashara, mchana wakafanya kazi za mikono, usiku wakasoma Misa ndani ya maghala ya majani makavu. Wazazi wa Yohani Maria walikwenda Misa hizo gizani, pamoja na watoto wao, wakitembea kimya.

Mwaka 1799 Yohani Maria alipokea Komunyo ya kwanza, akiwa na miaka kumi na mitatu. Haikuwa kanisani. Ilikuwa katika nyumba moja ya Ecully, kijiji cha jirani, na madirisha yalifungwa. Wakati ule watu walikuwa wakivuna majani ya ng'ombe. Wanaume wakaleta magari yaliyojaa majani, wakayasimamisha mbele ya madirisha ili mwanga wa mishumaa usionekane njiani. Ndani watoto walikuwa wakimpokea Yezu. Nje baba zao walishusha majani polepole, kama watu wanaofanya kazi yao ya kila siku.

Fikirini watoto, kijana huyu aliona nini siku ile. Aliona watu wazima, watu wenye akili, wakihatarisha maisha yao kwa sababu ya Misa. Waliwaogopa askari, ndiyo. Nani asingeogopa? Lakini walimcha Mungu zaidi. Kumcha Mungu siyo kutetemeka kama mbuzi mbele ya chui. Mtoto anayempenda baba yake huogopa kumchukiza, hata kama baba hana fimbo mkononi. Ndivyo walivyokuwa watu wale. Walijua Mungu ni nani, na wao wenyewe ni nani mbele yake, na kwa hiyo walijua la kufanya wakati wakubwa wa nchi walikuwa wamepotea.

Yohani Maria akataka kuwa padri. Lakini alikuwa na shida kubwa: hakusoma. Alikuwa ameingia shule ya kijiji kwa muda mfupi tu, wakati wa baridi, maana kulipokuwa na jua alihitajiwa shambani. Baba yake alisitasita. Mikono ya kijana ilikuwa na faida nyumbani. Mwishoni akakubali. Yohani Maria akapelekwa Ecully, kwa Padri Balley, mmoja wa wale mapadri waliojificha zamani za mateso. Alikuwa na miaka ishirini hivi, na ndipo alipoanza Kilatini.

Wakati ule Kilatini kilikuwa lugha ya Misa na ya vitabu vya seminari. Bila Kilatini hakuna upadri. Kijana aliyezoea jembe akafungua kitabu, akasoma neno, akalirudia mara kumi, akafunga kitabu, na neno likapotea. Usiku alisoma kwa mshumaa, asubuhi alikuwa amesahau. Wanafunzi wenzake walikuwa watoto wadogo, nao walimpita. Mmoja wao, Mathias Loras, alikuwa na akili nyepesi, akaagizwa kumsaidia. Siku moja Mathias akachoka kumweleza jambo lile lile, akakasirika, akampiga kofi mbele ya wote. Yohani Maria alikuwa mkubwa, mwenye nguvu za mkulima. Angeweza kumtupa nje kwa mkono mmoja. Akapiga magoti mbele ya mtoto yule, akamwomba msamaha kwa kuwa ni mjinga. Mathias akatokwa na machozi, akamkumbatia. Wakawa marafiki mpaka mwisho. Baadaye Mathias Loras alikwenda kuwa mmisionari katika Marekani, akawa askofu wa Dubuque.

Hata hivyo Kilatini hakikuingia. Yohani Maria alikaribia kukata tamaa, akafikiri kurudi nyumbani. Lakini kwanza akaweka nadhiri: atakwenda kwa miguu mpaka La Louvesc, kwenye kaburi la Mtakatifu Fransisko Regis, mwendo wa kilometa mia hivi, na njiani ataishi kwa kuombaomba. Akaenda. Watu walimwona kijana mwenye afya anayeomba mkate, wakamdhania mvivu au mwizi, wakamfukuza. Alipata njaa, akalala nje. Alipofika kaburini hakuomba akili nyingi. Aliomba ajue Kilatini cha kutosha kwa kazi ya upadri. Akarudi, na tangu hapo akaendelea kidogo kidogo. Hakuwa mwanafunzi hodari, lakini hakusema tena kwamba ataacha.

Mwaka 1809 likaja jambo lingine. Kaisari Napoleon alikuwa akipigana vita katika Hispania, na alihitaji askari. Wanafunzi wa upadri walisamehewa, lakini jina la Yohani Maria halikuandikwa kati yao kwa kosa la waandishi. Akaitwa jeshini. Akaugua, akalazwa hospitali, akaachwa nyuma. Alipopona kidogo akaamriwa kuwafuata wenzake. Siku ya kuondoka aliingia kanisani kusali, akakawia, akakuta kundi limekwisha kwenda. Njiani kijana mmoja asiyemjua akamchukulia mzigo wake, akampeleka milimani, katika kijiji cha Les Noës, mahali walipojificha watu waliokimbia jeshi. Hapo alikaa zaidi ya mwaka mmoja, kwa jina jingine, katika nyumba ya mama mjane. Alifanya kazi shambani na kuwafundisha watoto kusoma. Askari walipokuja kutafuta, alifichwa ndani ya majani makavu ya ng'ombe.

Kuna watu wanaomlaumu kwa jambo hilo, na mimi sitawaficha. Kwanza hakutaka kukimbia; lakini alipokwisha kufika mlimani, alibaki. Mwaka 1810 Napoleon alioa, akatoa msamaha kwa watu wa namna yake. Mdogo wake Fransisko aliingia jeshini mahali pake, wala hakurudi nyumbani tena. Yohani Maria alibeba uchungu huo maisha yake yote.

Akarudi kwa Padri Balley. Mwaka 1812 akaingia seminari ndogo ya Verrières, akiwa kati ya wakubwa kwa umri na kati ya wa mwisho kwa masomo. Humo alikuwamo kijana mwingine aliyetoka shambani, Marcellin Champagnat, ambaye baadaye alianzisha shirika la Wamaristi, lile lililofika kufundisha hata katika Kongo yetu. Mwaka 1813 Yohani Maria alipelekwa seminari kubwa ya Lyon. Huko walimu walifundisha kwa Kilatini tu. Alisikiliza, hakuelewa. Aliulizwa, hakuweza kujibu. Baada ya miezi michache walimu wakamwambia arudi kwao.

Ninyi mliowahi kushindwa mtihani mnajua jinsi njia ya kurudi nyumbani inavyokuwa ndefu. Yohani Maria alikuwa na miaka karibu ishirini na minane. Hakuwa na ufundi mwingine ila kulima. Lakini Padri Balley hakumwacha. Alimfundisha tena yale yale kwa Kifaransa, polepole, akaenda Lyon kumwombea. Msaidizi mkuu wa askofu aliuliza kama kijana huyu ni mtu wa sala, kama anapenda kusali rozari. Wakamjibu kwamba kwa sala yeye ni mfano kwa wote. Yule msaidizi mkuu akaona inatosha. Mengine yanayopungua, neema ya Mungu itayajaza. Akamkubali.

Msifikiri kwamba yule mkubwa alidharau elimu. Alijua kwamba nyumba hujengwa kuanzia chini. Mtu mwenye maneno mengi ya vitabu, lakini hamchi Mungu, ni kama nyumba yenye dirisha zuri na haina msingi. Vianney alikuwa na msingi.

Siku ya 13 Agosti 1815 alipewa upadri katika mji wa Grenoble. Alikwenda kwa miguu, peke yake, mwendo wa kilometa mia hivi, akiwa na nguo yake ya Misa na chakula kidogo katika furushi. Nchi ilikuwa imejaa askari wa kigeni waliomshinda Napoleon, nao walimsimamisha njiani zaidi ya mara moja wakidhani ni mpelelezi. Baadaye akarudishwa Ecully kumsaidia Padri Balley. Kwa miezi ya kwanza hakupewa ruhusa ya kuungamisha, maana wakubwa waliogopa elimu yake ndogo. Ruhusa ilipokuja, mtu wa kwanza kupiga magoti mbele yake alikuwa Padri Balley, mwalimu wake. Balley akafa mwezi wa Desemba 1817.

Mwaka uliofuata Padri Vianney akapewa kijiji cha Ars. Kilikuwa kijiji kidogo chenye watu 230 hivi, nyumba za udongo, na njia za matope. Hakuna padri aliyekitamani. Alifika siku ya 9 Februari 1818, kwa miguu, na ukungu ulikuwa mwingi hata akapotea. Akakuta watoto wanaochunga kondoo, akawauliza njia. Mmoja, jina lake Antoine Givre, akamwelekeza. Padri akamshukuru, akamwambia kwamba kwa kuwa yeye amemwonyesha njia ya Ars, padri atamwonyesha njia ya mbinguni. Halafu akaona mapaa ya kijiji, akapiga magoti njiani, akasali.

Watu wa Ars hawakuwa wabaya sana. Walikuwa wamesahau tu. Kanisa lilikuwa tupu, na nyumba nne za pombe zilijaa. Jumapili walifanya kazi mashambani asubuhi, jioni wakacheza ngoma mpaka usiku, na watoto hawakujua hata sala fupi. Padri mpya alifanya nini? Alianza kwa kusali. Kabla ya mapambazuko watu waliona taa yake ikipita makaburini kuelekea kanisani. Alipiga magoti mbele ya tabernakulo saa nyingi, akimwomba Mungu awageuze watu wake, na yeye aumie mahali pao. Alichemsha sufuria ya viazi ya kumtosha siku kadhaa, akala viazi baridi mpaka vikaota ukungu. Kitanda chake na vitu vyake akawapa maskini.

Mahubiri yalimtesa. Aliyaandika usiku katika sakristia, akinakili vitabu, akayasoma kwa sauti ili ayashike kichwani. Jumapili akapanda mimbari, na mara nyingine maneno yakamtoka, akashuka bila kumaliza. Siku za kwanza alikuwa mkali pia, nadhani mkali kupita kiasi. Aliogofya watu kwa moto wa milele, akawakataza ngoma zote, akachelewa kuwaondolea dhambi wale aliodhani hawajatubu vizuri. Miaka ilipopita alizidi kuona huruma ya Mungu, akawa mpole. Mwishoni alisema zaidi juu ya upendo, na mara nyingi alilia.

Nyumba za pombe zikakosa wateja, zikafungwa moja baada ya nyingine. Watu wakaanza kupita kanisani wakitoka shambani. Mkulima mmoja mzee aliacha jembe lake mlangoni, akaingia, akakaa kimya kwa muda mrefu akitazama tabernakulo. Midomo yake haikutikisika. Padri akamwuliza anamwambia Mungu maneno gani. Mzee akajibu kwamba hasemi neno. Yeye anamtazama Mungu, na Mungu anamtazama yeye. Padri Vianney alisimulia habari hiyo mpaka uzeeni. Mzee huyo hakujua kusoma, naye padri aliona kwamba amejifunza jambo kubwa kupita yote.

Mwaka 1824 akafungua shule ya bure ya wasichana, ikaitwa Maongozi ya Mungu. Kwanza aliwatuma wasichana wawili wa kijiji wakajifunze kufundisha. Yeye aliyeteseka kwa kukosa shule hakutaka watoto wa Ars wateseke hivyo. Yatima wakapokewa humo, mpaka wakafika karibu sitini. Mara moja nafaka ikaisha, ikabaki kidogo tu ghalani. Padri akaweka ndani ya mabaki hayo masalio ya Mtakatifu Fransisko Regis, yule wa La Louvesc, akasali pamoja na watoto. Waliopanda ghalani walishuhudia kwamba wamelikuta limejaa.

Habari zake zikaenea. Watu wa vijiji vya jirani wakaja kuungama kwake, kisha watu wa Lyon, kisha watu wa Ufaransa yote na wa nchi nyingine. Mapadri wenzake wakanung'unika. Walisema mtu aliyefukuzwa seminari anawezaje kuongoza roho za watu? Mmoja alimwandikia barua ya ukali, kwamba mwenye elimu ndogo kama yake asingethubutu kukaa katika kiti cha maungamo. Vianney akamjibu kwa kumshukuru, akisema ni yeye peke yake anayemjua vizuri, akamwomba amsaidie aondolewe Ars. Tena barua moja ya mashtaka, iliyokuwa ikizungushwa kwa mapadri ili watie sahihi zao, ikafika mikononi mwake kwa bahati. Akaisoma, akatia sahihi yake chini, akaituma kwa askofu.

Askofu Devie hakuamini maneno tu. Alimwagiza Padri Vianney amwandikie mashauri magumu aliyoyapata na jinsi alivyoyaamua. Askofu akayapima, akaona uamuzi wake ni mzuri na salama. Akawaambia wakubwa wenzake kwamba hajui kama paroko wa Ars ana elimu, lakini anajua kwamba ana mwanga.

Mwanga huo ulitoka wapi? Watu walipiga magoti mbele yake, wakataja dhambi nne, naye akawakumbusha ya tano waliyoificha. Mama mmoja alihangaika juu ya mwana wake, tajiri mwingine juu ya mali yake, msichana juu ya kuingia utawa. Kila mmoja alipewa neno fupi, neno lake mwenyewe. Padri hakuwa na wakati wa kufungua vitabu. Alikaa kitini tangu saa saba ya usiku, na wakati wa joto alifikisha saa kumi na sita kwa siku. Watu walingoja siku nyingi ili kumfikia. Walikuwa wengi hata katika kituo cha garimoshi cha Lyon zikauzwa tiketi za Ars za siku nane, kwa maana kabla ya siku nane mtu hakutumaini kupata nafasi.

Mwaka 1845 alikuja Padri Lacordaire, Mdominiko, mhubiri aliyejulikana kuliko wote katika Ufaransa, ambaye wakubwa wa Paris walijaza kanisa kuu kumsikiliza. Alikaa kati ya wakulima, akamsikiliza mzee mwembamba, mwenye sauti hafifu na meno machache, akifundisha juu ya Roho Mtakatifu. Lacordaire alisema amefundishwa siku ile. Vianney naye aliona haya, akasema mtu mkubwa kwa elimu amekuja kujishusha mbele ya mtu mdogo asiyejua kitu.

Askofu mwingine alimvika joho la heshima mwaka 1852. Padri akaliuza kwa faranga hamsini, akawapa maskini. Mwaka 1855 Kaisari Napoleon wa Tatu akampa nishani. Aliuliza kama nishani hiyo inaleta fedha kwa watu wake wenye shida. Alipoambiwa hailetei kitu, hakuivaa.

Jambo moja lilimwogopesha mpaka uzeeni: kusimama mbele ya Mungu akiwa paroko, aulizwe juu ya kila roho aliyopewa. Alitamani kwenda mahali pa upweke, alie juu ya dhambi zake. Alijaribu kutoroka. Mwaka 1853 alitoka usiku, lakini watu walipata habari, kengele ikapigwa, wanakijiji wakaziba njia kwa taa zao. Akarudi kanisani, akavaa stola, akaketi katika kiti chake. Watu walikuwa wanangoja.

Mwisho wa mwezi wa Julai 1859 joto lilikuwa kali. Siku ya 29 aliungamisha kama kawaida, usiku akarudi nyumbani, hakuweza kusimama tena. Alipokea sakramenti za wagonjwa kwa utulivu. Ile hofu iliyomsumbua miaka mingi ilikuwa imekwisha kabisa. Akafa tarehe 4 Agosti, saa nane ya usiku, akiwa na miaka sabini na mitatu.

Papa Pio XI alimtangaza Mtakatifu tarehe 31 Mei 1925, na mwaka 1929 akamweka awe msimamizi wa maparoko wa dunia nzima. Sikukuu yake ni 4 Agosti. Nyumba yake ya Ars ingali ipo, na ndani yake vimewekwa vitabu vyake, zaidi ya mia tatu, vile alivyohangaika navyo usiku. Na njiani, pale alipopotea katika ukungu, imesimamishwa sanamu ya padri pamoja na mtoto mchungaji anayemwonyesha njia.